Naomba ushauri: diploma ya theolojia chuo kidogo cha kanisa

BintiWaUsharika:
Shalom wapendwa. Nimemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), matokeo mazuri. Nafundisha shule ya Jumapili na natamani uchungaji kwa moyo wote. Nimepata nafasi ya diploma chuo kidogo cha Biblia huku Nyanda za Juu Kusini. Mama kafurahi, ila baba anasema nitarudi na cheti kisichotambulika popote. Sisi ni KKKT, yaani Walutheri. Mliopita vyuo hivi, masomo yakoje? Na uchungaji nitaupata?

Mwinjilisti_Mstaafu:
Mwanangu, hongera. Kabla ya ada, nenda kwa mchungaji wako. Kwetu KKKT hujipeleki mwenyewe ukasoma kisha ukadai kubarikiwa kuwa mchungaji. Usharika unakutambua, jina linapita jimboni, dayosisi ndiyo inakutuma na kukupangia kazi. Wapo waliojilipia miaka yote na mpaka leo wako nyumbani. Usiogope kuwa binti; wanawake wanabarikiwa uchungaji tangu miaka ya 1990.

Kiyunani_Kwanza:
Nimesoma chuo cha namna hiyo, darasa letu halikufika watu kumi. Hapo hakuna pa kujificha. Kila asubuhi mwalimu anakuita ubaoni kunyambua kitenzi cha Kiyunani: luō, lueis, luei, na ukikwama anasimama na wewe mpaka uelewe. Mahubiri unahubiri mbele ya wenzako, wanakuuliza hoja hiyo umeitoa mstari gani. Jumamosi tulikwenda misibani na mwalimu, tukajifunza kukaa na wafiwa. Malezi hayo nayathamini kuliko cheti chenyewe. Upungufu ni maktaba: vitabu vichache, vingi vya zamani.

BabaWawili:
Dada, mzee wako asipuuzwe. Diploma inasimamiwa na NACTVET, baraza la serikali la elimu na mafunzo ya ufundi; shahada ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Angalia chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi ikawa haimo. Usikubali kuambiwa "tuko kwenye mchakato". Bila hilo, siku ukitaka kuendelea na shahada Makumira, chuo kikuu cha KKKT, au kwingine utaanza upya. Na kama unawaza kufundisha sekondari, ujue ualimu una mafunzo yake. Theolojia peke yake haitoshi.

BintiWaUsharika:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Kozi nimeikuta kwenye orodha, nimemwonyesha baba, amelegea kidogo. Mchungaji amesema tutaonana na mkuu wa jimbo wiki ijayo. Niulize nini hasa?

Mwinjilisti_Mstaafu:
Uliza kama dayosisi inakutuma rasmi, kwa barua. Uliza ada nani analipa, mwaka wa kwanza na inayofuata, kwa sababu wengi hukwama mwaka wa pili. Uliza pia ukimaliza utapangiwa usharikani kama nani. Na mzee wako aende nawe, ayasikie mwenyewe.