Kwa nini Victor Nuñez hakuhamia Hollywood?

Swali
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimekuwa nikifuatilia kazi za Victor Nuñez, mwongozaji wa kujitegemea ambaye filamu zake nyingi zinatokea Florida. Mwaka 1993 filamu yake Ruby in Paradise ilitwaa tuzo kuu ya majaji ya Sundance, tamasha la filamu za kujitegemea la Marekani, kwa pamoja na filamu nyingine. Ushindi kama huo kwa kawaida humfungulia mtu milango ya studio kubwa, lakini yeye alibaki kwao na filamu zake ni chache mno. Je, alikosa nafasi, au aliamua?

Jibu la kwanza
Ndugu, naamini aliamua, tena mapema. Alisomea filamu UCLA, chuo kikuu cha jijini Los Angeles, jirani kabisa na studio hizo, kisha akarudi Florida. Filamu yake Gal Young 'Un ya mwaka 1979 aliiandika, akaiongoza, akashika kamera na kuihariri mwenyewe. Anayefanya kazi hivyo hupunguza gharama, na hapana wa kumwamuru abadilishe mwisho wa hadithi, ila hulipia uhuru huo kwa miaka. Kati ya A Flash of Green (1984) na Ruby in Paradise ilipita miaka 9, na nisingependa mtu aione kuwa miaka ya uzembe, kwa sababu kutafuta fedha za filamu isiyo na milio ya risasi ni kazi inayokula umri.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, lakini kubaki kulimpa pia utajiri ambao wengine hawana. Tazameni Ulee's Gold (1997): mfugaji nyuki aliyepigana Vietnam analea wajukuu wawili huku mwanawe akiwa gerezani. Asali yake hutoka kwenye maua ya tupelo, mti wa kinamasi unaochanua kwa majuma machache tu, na ndiyo maana anahangaika na mizinga ilhali mwili umeshachoka. Mwongozaji mgeni angeifanya kazi hiyo pambo la nyuma. Hapa ndiyo inayobeba hadithi. Peter Fonda, aliyeigiza mfugaji huyo na ambaye baba yake Henry naye alifuga nyuki, aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Riziki aliipata wapi katika miaka hiyo mirefu?

Jibu la kwanza
Kwa sehemu kubwa ya miaka ya baadaye, ualimu: amefundisha filamu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mjini Tallahassee.