Mtoto anaziba masikio na kukataa nguo: tiba ya milango ya fahamu ni nini hasa?

Mama Nasri, Chikongola, Mtwara

Assalaam alaykum, wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 5. Bodaboda ikipita dirishani huziba masikio na kuingia chini ya kitanda, shati la shule hung'ang'ania kulivua akisema linamuuma shingoni, na akikuta chembe moja kwenye uji hutapika. Wakati huohuo hupenda kubanwa: msimu wa korosho alikuwa akijipenyeza kati ya magunia mawili yaliyojaa na kutulia humo kimya, hata nusu saa. Likizo ya Juni tulipokwenda Newala kwenye jando la binamu zake, ngoma zilipoanza alilia mpaka sauti ikakauka, nao ndugu wakaniambia nimemdekeza. Nimesikia kuna tiba ya watoto wa namna hii. Ni ipi, na nianzie wapi kabla ya kufikiria nauli ya Dar es Salaam?

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Masasi

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hujamdekeza. Mbali na milango mitano ya fahamu tunayofundishwa shuleni, mwili una hisi ya mizani iliyo ndani ya sikio na hisi ya misuli na maungio inayotuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho. Kuna watoto ambao ubongo wao hupokea baadhi ya taarifa hizi kwa ukali mno na nyingine kwa ufifi, ndiyo maana huyo huyo anayekimbia sauti hutafuta kubanwa na magunia.

Tiba ya milango ya fahamu unayoiulizia ilianzishwa na Jean Ayres, mtaalamu wa fani yetu ya tiba kwa vitendo (occupational therapy) huko Marekani, aliyeieleza nadharia yake kwa kirefu mwaka 1972. Mtoto hubembea, hupanda, husukuma na kuvuta vitu vizito, huku yeye mwenyewe akichagua mchezo na mtaalamu akiuongezea ugumu kidogo kidogo. Lazima nikwambie pia kwamba ushahidi wake bado unabishaniwa: utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha watoto 138 wenye usonji (autism, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano), haukuona kwamba tiba hii ilizidi huduma za kawaida. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba mtoto atapona, mwogope. Wekeni lengo moja linaloonekana, kwa mfano kuvaa shati hadi saa nne asubuhi, andika kwenye daftari kila siku, na baada ya miezi miwili au mitatu muamue kama muendelee.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Omba apimwe usikivu na ukuaji wake uangaliwe kwa jumla, kwa kuwa dalili hizi huonekana sana kwa watoto wenye usonji, ingawa si kila mwenye nazo ana usonji. Sisi tuliosomea fani hii hospitali ya KCMC, Moshi, ni wachache. Huenda ukapewa rufaa ya mbali, lakini mengi hufanyika nyumbani.

Mwalimu wa awali, Lindi

Mama Nasri, ninaye mwanafunzi kama huyo. Nilimhamisha kutoka karibu na kengele, mama yake akakata lebo za nguo na kufua shati jipya mara kadhaa kabla ya kulivalisha, na kabla ya somo la kuandika mimi humtuma alete dumu dogo la maji kutoka bombani. Akirudi, hukaa. Nyumbani mama yake humviringisha kwenye mkeka, uso ukiwa nje daima, naye ndiye husema "basi". Ninachokusihi ni kwamba asilazimishwe kusikiliza ngoma eti azoee. Mwenzangu mmoja alijaribu hivyo, na mtoto akaanza kuikimbia shule yenyewe.

Mama Nasri, Chikongola, Mtwara

Nimesoma huku machozi yakinitoka. Jumatatu tunakwenda Ligula, na daftari nimeshanunua. Naomba swali moja tu: kunyoa. Mashine ikiwaka tu, hukimbilia barabarani.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Masasi

Tumia mkasi kwa sasa, dada. Mkandamize kichwa kwa viganja taratibu kabla ya kuanza, umhesabie hadi kumi, usimame palepale ulipoahidi, hata kama umemaliza upande mmoja tu.