Samaki wanaolea wanawashambulia wenzao tangini: je, nimtoe dume au niwatenganishe vifaranga?

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu wapendwa, naomba ushauri wenu. Nina tangi la lita 200 ambamo ninafuga jozi ya Neolamprologus brichardi iliyotoka Uvira, pamoja na Julidochromis wachache, wote wakiwa samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Waliishi kwa amani, lakini tangu jike alipotaga mayai kwenye dari ya pango nililolijenga kwa mawe, jozi hiyo imekuwa kali kupita kiasi. Julidochromis wote wamesukumwa hadi kona ya juu, karibu na pampu ya hewa, na mmoja wao amechanika pezi la mkia. Hata mkono wangu hudonolewa ninapofuta kioo. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba vifaranga wa uzao uliotangulia, ambao sasa wana urefu wa sentimita 2 hivi, huingia na kutoka pangoni bila kufukuzwa. Jirani amenishauri nimtoe dume. Je, nimtoe, au niwatenganishe vifaranga na wazazi wao?

Mfugaji wa Uvira

Dada, nakusihi usimtoe dume. Ukali huo ndio ulezi wenyewe. Jike hukaa karibu na mayai, akiyapepea kwa mapezi ili maji yenye oksijeni yapite juu yake, na kuyaondoa kwa mdomo yale yaliyoota ukungu. Dume naye huzunguka eneo na kuwazuia wageni. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3, lakini vifaranga hawaanzi kuogelea mpaka zipite siku kadhaa zaidi, na katika muda huo wote hawawezi kukimbia chochote. Ukimwondoa dume, jike atalazimika kuyaacha mayai kila mara adui anapokaribia.

Mtazame dume kabla hajauma. Hutandaza mapezi yote, hufungua vifuniko vya matamvua na kuinamisha kichwa, yaani humwonya mgeni kwanza. Ziwani Tanganyika, samaki aliyeonywa huogelea hadi nje ya mpaka na ugomvi huishia hapo. Ndani ya kioo hakuna nje ya mpaka, na kwa hiyo Julidochromis wako wanapigwa ingawa wamekwisha kukubali kushindwa. Wahamishe hao, hata kama ni kwenye beseni kubwa lenye pampu ndogo, mpaka upate tangi jingine, na anza na yule aliyechanika pezi, maana kidonda huoza upesi.

Mwalimu wa Lubumbashi

Mimi ningefanya tofauti. Ningelitoa jiwe lenye mayai na kuliweka katika tangi dogo lenye maji yale yale, nikielekeza mapovu ya hewa kando yake badala ya mapezi ya mama. Vifaranga wangekuwa salama, na jozi ingetulia.

Mpenda samaki wa Goma

Mwalimu, kwa heshima zote, njia hiyo inafaa kwa jozi zinazokula mayai yao wenyewe, jambo linalotokea mara nyingi kwa samaki waitwao malaika, wa Amazoni, wanaofugwa tangini. Hapa wazazi wanalea vizuri, na huwezi kulitoa jiwe la dari bila kulibomoa pango lote wanalolitetea.

Dada ameuliza pia kuhusu wale vifaranga wakubwa wasiofukuzwa, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika aina hii. Hao ni wasaidizi. Husafisha mayai ya wadogo zao, huchota mchanga pangoni kwa mdomo na kuwakabili wavamizi pamoja na wazazi. Michael Taborsky, aliyewachunguza samaki hawa, alieleza mwaka 1984 kwamba wasaidizi hukua polepole kuliko wenzao wasiosaidia, ila nao hufaidika kwa kukaa chini ya ulinzi wa eneo la familia. Kwa hiyo usiwatenganishe sasa. Wakishakua na kukaribia kutaga wenyewe, wazazi watawageukia; ukiona mmoja wao anajificha juu ya maji na hafiki kwenye chakula, mtoe siku hiyo hiyo.

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Asanteni sana. Julidochromis nitawahamisha leo jioni. Familia ikizidi, je, naweza kuwaachilia vijana katika Ziwa Kivu? Maji ya tangi langu yenyewe ni ya ziwa hilo, na yanaonekana kuwafaa.

Mfugaji wa Uvira

Yanawafaa kweli, kwa kuwa maji ya Kivu yana magadi kama ya Tanganyika, na mto Ruzizi huyateremsha huku kwetu kila siku. Hata hivyo, usiwaachilie kamwe. Kivu ina samaki wake, Haplochromis, ambao hawapatikani penginepo, nao pia huzaa na kulea kando ya mawe hayo hayo. Jamii inayotetea eneo kwa ukali uliouona mwenyewe itawanyang'anya mahali. Najua mtu atasema kwamba sambaza, yaani dagaa, nao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha watu wengi, lakini wao huishi katikati ya maji wala hawagombanii mapango. Vijana watakaozidi wagawie wafugaji wenzako. Mimi mwenyewe niko tayari kuwapokea hapa Uvira.