Wameniuliza mshahara ninaotaka. Nitaje ngapi?

Dada wa Mukono
Habari zenu wakubwa. Alhamisi nina mazungumzo ya mwisho ya kazi ya msimamizi wa ghala, Kampala. Ningependa 1,800,000 ziingie mkononi kila mwezi. Nitaje hizo hizo?

Mzee Hesabu
Usizitaje, dada. Ofa nyingi huandikwa kabla ya makato, na ukikubaliwa 1,800,000 ya namna hiyo utapokea 1,268,000 tu. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 25,000 kwa zile 410,000 za mwanzo, kisha asilimia 30 ya kila kinachozidi. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hukata asilimia 5 ya mshahara mzima, na makato hayo hayapunguzi kiasi kinachotozwa kodi. Wengi hukosea hapo: hutoa NSSF kwanza, ndipo wakokotoe PAYE.

Njia ya mkato: chukua unachotaka mkononi, toa 98,000, gawanya kwa 0.65. Kwako ni kama 2,618,000. Kanuni hii inafaa mshahara wa kuanzia 410,000 hadi milioni 10. Juu ya hapo kodi huongezeka.

Kijana wa Ntinda
Hiyo 2,618,000 ndiyo sakafu yako, usiitamke. Sema, "Kwa majukumu haya natarajia 2,900,000 kabla ya makato," halafu nyamaza. Ukianza kujieleza umeshajishusha mwenyewe.

Wakikwambia bajeti imeisha, usikimbilie posho ya usafiri ya taslimu, maana inatozwa kodi sawa na mshahara. Omba matibabu yako na ya watoto. Mwajiri akiyalipia, hayaingii kwenye PAYE. Omba pia tarehe ya kupitia mshahara baada ya majaribio, iandikwe kwenye mkataba. Majaribio kisheria hayazidi miezi 6, na hayarefushwi bila wewe kuridhia. "Tutaangalia mbele" bila tarehe ni maneno matupu.

Na ushuru wa huduma wa halmashauri usikushtue: kwa kiwango chako ni 100,000 kwa mwaka, hukatwa 25,000 kila mwezi Julai hadi Oktoba.

Dada wa Mukono
Asanteni sana. Ila kwenye simu walitaja "NSSF asilimia 15". Yote yangu?

Mzee Hesabu
Hapana. Asilimia 10 ni ya mwajiri, juu ya mshahara wako, na sheria haimruhusu kukukata. Waulize kama kiasi watakachotaja kina hiyo 10 ndani yake. Kama imo, gawanya kwa 1.1: wakisema 2,880,000, mshahara wenyewe ni 2,618,000 hivi, yaani sakafu yako kamili.