Mjadala: Mkulima wa zamani asiyejua kusoma aliijua sheria kuliko sisi?

Mleta mada:
Wakuu, juzi nimebishana na rafiki yangu wakili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema zamani sheria ilikuwa mali ya wakubwa, mtu wa kawaida anaburuzwa tu. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni Iceland, kile kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya.

Kule, kuanzia kama mwaka 930, hakukuwa na mfalme wala polisi. Kila kiangazi watu walikutana Þingvellir kwenye baraza kuu, Alþingi, na msemaji wa sheria akasimama mwambani kuzitamka sheria kwa ghibu. Alichaguliwa kwa miaka 3, kila mwaka anatamka theluthi moja, hivyo muhula ukiisha watu wameshazisikia zote. Kanuni za baraza lenyewe alizirudia kila mwaka. Akiona kumbukumbu inamchenga, alitakiwa kukaa kwanza na wajuzi 5 au zaidi. Kuziandika wameanza majira ya baridi ya 1117 kuamkia 1118, karibu karne mbili baadaye!

Ninachokipenda zaidi ni hiki: sheria mpya isipotamkwa hadharani kila kiangazi cha tatu, imekufa. Sasa nyie, nani amewahi kulishika mkononi Gazeti la Serikali, linalotangaza sheria mpya? Mimi bado.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, picha umeipamba mno. Hao waliosikia mwambani ni akina nani? Kiongozi wa eneo aliweza kumtaka mmoja katika kila wakulima 9 wenye mali afuatane naye. Waliobaki walilipa ada ya safari. Mtumwa na kibarua hata hawahesabiwi hapo. Walibaki na kondoo.

Halafu umeikwepa Roma. Vibao Kumi na Viwili, sheria zao za kwanza kuandikwa, viliwekwa hadharani kama mwaka 450 KK, na Cicero, msemaji wao maarufu, anasimulia kwamba utotoni walivikariri kama wimbo. Safi. Lakini maneno ya kufungulia kesi yalibaki kwa makuhani. Gaius, mwanasheria wa Kirumi, ametuachia kisa cha mtu aliyekatiwa mizabibu yake. Akashtaki, akasema "mizabibu", akashindwa, kwa sababu sheria ilitaja "miti". Haki anayo, ushahidi anao, kaangushwa na neno moja! Mpaka mwaka 304 KK ndipo Gnaeus Flavius, karani na mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, akazitoa hadharani kanuni za mashtaka pamoja na kalenda ya siku za mahakama. Fikiria, hata siku ya kwenda kushtaki ilikuwa siri. Wakili wako ana hoja.

Mchangiaji wa pili:
Nyote wawili mnazungumzia sheria ya kusikiliza, kana kwamba watu ni wanafunzi darasani. Watu walijifunza kwa kuhukumu. Athens kila mwaka walipigiwa kura ya bahati raia 6,000, wanaume wa miaka 30 na kuendelea, wakawa ndio waamuzi wa kesi mwaka mzima. Mfinyanzi anaketi na mvuvi, wanasikiliza ugomvi wa mirathi, jioni wanarudi nyumbani na posho ya oboli 3, sarafu ndogo za fedha. (Ndiyo, wanawake, wageni na watumwa nje. Najua mtanirukia.) Hata hiyo Iceland, majirani 5 au 9 waliitwa kutoa kauli juu ya kilichotokea. Hapo ndipo sheria inakuingia, si mwambani.

Na msivuke bahari bure. Burundi abashingantahe, wazee waamuzi wa jamii, walisikiliza kesi mbele ya watu, na hakuna aliyevikwa heshima hiyo kabla ya kutazamwa mwenendo wake kwa muda mrefu. Kijana aliyezoea kukaa pembeni akisikiliza alishajua mpaka wa shamba unaamuliwaje kabla hajawa na shamba.

Mleta mada:
Kuhusu Roma nasalimu amri, ile mizabibu imenimaliza. Lakini mchangiaji wa kwanza, huoni kisa chako kinanisaidia? Flavius alichofanya ni kulifanya jambo lisikike. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2021, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni mwendo ule ule, umechelewa tu.

Kwa mchangiaji wa pili sina ubishi, isipokuwa swali: sisi tutakaa wapi pembeni kusikiliza? Mahakama ya mwanzo iko wazi kwa kila mtu, ila nani anaingia bila kuwa na kesi?

Wakili naye kasoma uzi huu, kanitumia ujumbe: "Usisahau, yule msemaji wa sheria wa mwambani alikuwa analipwa. Dhiraa 200 za kitambaa cha sufu kwa mwaka, na nusu ya faini za baraza." Ni kweli. Nimemjibu kwamba kwa malipo hayo alisikilizisha uwanja mzima, yeye saa moja ya ushauri anamnong'onezea mteja mmoja. Amesema jioni anakuja kujibu mwenyewe.