Tupeane uzoefu: kuchagua baiskeli ya kukunja ya kwenda kazini na ya safari ndefu

Mpigapedali

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: mtu anataka baiskeli moja ya kukunja, siku za kazi aipandishe kwenye treni au basi na kuiweka chini ya meza, mwisho wa wiki apige nayo kilomita 60 au 80. Je, inawezekana, na aangalie nini kabla ya kutoa pesa? Tuleteane vipimo, sehemu zinazosumbua na namna ya kuzirekebisha.

Naanza na lililo muhimu kuliko yote. Usianze kwa kuuliza ni kampuni gani bora. Uliza ni sehemu ipi ya safari yako iliyo ngumu zaidi. Anayebadilisha treni mara mbili na kupanda ngazi, shida yake ni mkunjo na uzito. Anayekunja mara moja tu kwa siku lakini anapanda vilima vya kilomita tatu, shida yake ni gia. Anayepita barabara ya mashimo, shida yake ni upana wa tairi. Baiskeli iliyotengenezwa kwa shida ya mwenzako itakuchosha hata kama ni ya bei kubwa.

Fundi Rimu

Mimi nakazia tairi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumia baadaye. Maneno "inchi 16" na "inchi 20" hayatoshi. Soma namba mbili zilizochapwa ubavuni mwa tairi, mfano 47-406. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama utapata tairi au la.

Inchi 20 ziko mbili: 406 na 451. Ya 406 ndiyo inayotumiwa na BMX (baiskeli ndogo za michezo), kwa hiyo tairi na tyubu zake ni rahisi kupatikana karibu popote, na upana uko wa kila aina. 451 ni rimu kubwa kidogo, huvaa tairi jembamba, inakimbia vizuri kwenye lami safi, lakini ikipasuka mbali na mji umekwama. Inchi 16 nazo ziko mbili: 305, ambayo iko kwenye baiskeli nyingi za watoto, na 349, ambayo ni ya Brompton (kampuni ya baiskeli za kukunja) na chache nyingine. Tairi la 305 halivai kwenye rimu ya 349 hata ulilazimishe vipi, tofauti ni milimita 44. Kisha kuna 355 ya inchi 18, inayotumika kwenye Birdy, aina nyingine ya baiskeli ya kukunja.

Kwa anayetaka safari ndefu, 406 yenye nafasi ya tairi la milimita 47 au 50 ndiyo chaguo langu la kwanza. Gurudumu dogo huzama kwenye shimo kuliko kubwa, na dawa yake ya kweli ni hewa nyingi ndani ya tairi pana. Kwa mtu wa kilo 75 na tairi la milimita 47, psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 55 hadi 60 nyuma na 45 hadi 50 mbele hutosha, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Watu hujaza hadi tairi linakuwa jiwe wakidhani litakimbia zaidi. Kwenye barabara mbovu litaruka tu, na nguvu yako inapotelea kwenye mtikisiko.

Jingine: gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi. Mzingo wa 349 yenye tairi la milimita 35 ni kama mita 1.3, wa 406 yenye tairi la 47 ni kama mita 1.55, na wa baiskeli ya kawaida ya 700C ni kama mita 2.1. Kwa kilomita 10 hiyo ni mizunguko 7,700, 6,450 na 4,760. Ndiyo maana tairi na beringi za gurudumu dogo huisha mapema, na kwenye mteremko mrefu rimu yake hupata joto haraka zaidi ikiwa breki ni za kubana rimu. Bana, achia, bana, kwa breki zote mbili.

Bawaba

Nakubaliana na Fundi kuhusu 406 kwa safari, lakini tusimvunje moyo mtu wa treni. Brompton ikikunjwa ni kama sentimita 64.5 kwa 58.5 kwa 27. Baiskeli nyingi za inchi 20 zinazokunjwa katikati ya fremu, kama za Dahon na Tern, hukaribia 80 kwa 65 kwa 35. Kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo. Ndani ya behewa lililojaa, ya kwanza inakaa kati ya miguu yako na ya pili inaziba njia. Sababu ni gurudumu pamoja na namna ya kukunja: fremu ya Brompton inakunjwa sehemu tatu, magurudumu yote mawili yanakutana katikati, mnyororo unafichika ndani na bomba la siti likishuka linafunga kila kitu. Suruali haipakwi grisi.

Kabla ya kununua, fanya haya dukani, wala usione haya. Kunja na kukunjua mara kumi mfululizo wewe mwenyewe, si muuzaji. Kisha ibebe kwa mkono mmoja hatua hamsini na upande nayo ngazi. Kilo 12 zenye mahali pazuri pa kushika ni nyepesi kuliko kilo 10.5 zinazogonga paja kila hatua. Halafu ikokote ikiwa imekunjwa. Zipo zenye vigurudumu vidogo, zipo za kuvuta kwa siti, na zipo zisizokokoteka kabisa. Mwisho iache imesimama, uiguse kidogo. Inayofunguka yenyewe au kuanguka itakutesa kila siku.

Sasa bawaba. Kikono cha kufungia kikianza kukaza kikiwa nusu ya safari yake na kikahitaji kiganja kizima kukimaliza, kiko sawa. Kikifungika kwa kidole kimoja kimelegea. Kuna nati au bolti ndogo ya kurekebisha, igeuze robo mzunguko, jaribu tena. Usigeuze mzunguko mzima kwa pupa, kwa sababu ukikaza kupita kiasi kikono hupinda au hukatika. Safisha nyuso mbili za bawaba zinapokutana: punje ya mchanga hapo inazuia kufunga vizuri na baadaye inakula chuma. Na kila mwezi pitisha kitambaa cheupe kwenye maungio ya kuchomelea pande zote za bawaba. Ufa mdogo hunasa nyuzi za kitambaa au huonekana kama mstari wa kutu au rangi iliyopasuka. Ukiuona, baiskeli isipandwe tena.

Gia Saba

Naomba tuongee hesabu, maana watu hununua "gia 8" wakidhani namba ndiyo nguvu. Chukua meno ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Unapata mita unazosonga kwa mzunguko mmoja wa pedali.

Mfano wa kawaida wa inchi 20: mbele 52, nyuma kaseti (seti ya gia za nyuma) ya meno 11 hadi 28. Gia nzito ni 52/11 × 1.55, yaani mita 7.3. Nyepesi ni 52/28 × 1.55, mita 2.9. Kwa mji tambarare ni safi. Kwa kilima kikali ukiwa na mizigo unahitaji karibu mita 2.2 au chini, na hiyo 2.9 itakushusha utembee.

Njia rahisi ni kupunguza meno ya mbele. Weka 46 na kaseti ya 11 hadi 32, nyepesi inakuwa 2.2 na nzito 6.5. Kwa mizunguko 80 kwa dakika hiyo nzito bado inakupa kilomita 31 kwa saa. Nani anahitaji zaidi ya hapo kwenye baiskeli ya kukunja yenye mizigo? Angalia mambo matatu: duara la bolti za meno ya mbele (la milimita 130 halipokei chini ya meno 38), kinga ya mnyororo iendane na meno mapya, na mnyororo ukatwe pingili 2 ukitoka 52 kwenda 46 kama kaseti haibadiliki.

Kaseti kubwa sana ina gharama yake. Kibadili gia cha nyuma cha mkono mrefu huning'inia karibu na ardhi kwenye gurudumu la 406, hugonga mawe na hunasa majani. Kabla ya kuweka meno 34 pima umbali kutoka ncha yake ya chini hadi ardhini ukiwa kwenye gia yenye meno mengi zaidi nyuma.

Gia za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ni jambo jingine. Habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu ina upana wa asilimia 177 (yaani gia nzito ni mara 1.77 ya nyepesi), Shimano Nexus 7 ni 244, Nexus 8 ni 307. Kaseti ya 11 hadi 32 ni 291. Kwa kazini habu ni raha: unabadili gia ukiwa umesimama kwenye taa, mvua haiingii, na hakuna kitu cha kupinda unapokunja. Kwenye 349 yenye meno 44 mbele na 13 nyuma, gia tatu zinatoa takriban mita 3.3, 4.4 na 5.9. Hiyo 3.3 ndiyo inayowatoa jasho watu wa vilima.

Fundi Rimu

Niongeze kuhusu habu. Habu yenye tumbo kubwa ndani ya rimu ndogo inalazimisha spoku ziingie kwenye rimu kwa pembe kali, na hukatika karibu na nipo (kinati kinachoshika spoku kwenye rimu). Gurudumu la namna hiyo lisukwe kwa kukatisha spoku mara moja tu, si mara tatu kama la 700C. Na pima nafasi ya foki. Nyingi za Dahon na Tern, pamoja na Brompton, zina milimita 74 mbele badala ya 100, na nyuma ya Brompton ya kawaida ni 112. Usinunue habu ya dainamo bila kupima.

Pancha ya nyuma kwenye habu ya gia: kama umeuona msumari, usifungue gurudumu. Toa upande mmoja wa tairi, vuta kipande cha tyubu, ziba, rudisha. Unaokoa muda na hutagusa waya wa gia.

Mpigapedali

Vipi kuhusu mwili? Wengi wanalalamika mgongo na viganja baada ya saa mbili.

Bawaba

Mkuu, hapo pana ukweli mchungu: baiskeli nyingi za kukunja zina saizi moja. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Kama bomba la siti limefika kwenye alama ya mwisho na mguu bado umekunjika, tafuta bomba refu zaidi. Kipenyo cha Dahon nyingi ni milimita 33.9 na cha Brompton 31.8, hazibadilishani. Usipandishe kupita alama hata kwa sentimita moja.

Urefu kutoka siti hadi usukani haurekebishiki kirahisi, hivyo jaribu kwa angalau nusu saa, si kuzunguka maegesho. Usukani ulionyooka una mkao mmoja wa mikono. Kwa safari ndefu ongeza pembe za pembeni, lakini kunja kwanza uone kama zinagonga fremu.

Bomba la siti likizama polepole njiani, chanzo mara nyingi ni mafuta. Lifute, futa na ndani ya fremu kwa spiriti, kaza kikono upya. Usipake grisi hapo. Na usukani ukicheza, bana breki ya mbele, tikisa mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye bawaba ya nguzo ya usukani, kisha kwenye beringi za foki. Kidole kitakuambia ni ipi.

Gia Saba

Mizigo: begi la mbele linalofungwa kwenye kichwa cha fremu, si kwenye usukani, ndilo bora. Halizunguki na gurudumu, uendeshaji hauwi mzito. Mabegi ya nyuma kwenye keria fupi hugongwa na visigino. Yasogeze nyuma hadi nafasi ipatikane, na yawe mafupi, yabaki angalau sentimita 10 juu ya ardhi. Jumlisha uzito wako na mizigo. Kikomo cha nyingi ni kilo 105 hadi 110.

Spoku

Naomba kuuliza. Ya umeme inafaa kwa ndege?

Bawaba

Kwa ndege za abiria, hapana kama betri inabaki nayo. Betri ya zaidi ya Wh (kipimo cha nishati ya betri) 160 hairuhusiwi, na za baiskeli nyingi ni 250 na kuendelea. Isiyo ya umeme, kikomo cha kawaida cha mzigo ni jumla ya vipimo sentimita 158 na kilo 23. Brompton iliyokunjwa ina jumla ya 150, hivyo inabaki sentimita 8 tu kwa sanduku. Ya inchi 20 ni lazima utoe gurudumu, siti na pedali. Kumbuka pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata saa.

Fundi Rimu

Na ikiwa ina breki za diski, toa sahani ya breki (diski) kabla ya kuifunga baiskeli, au weka kadibodi nene pande zote mbili. Diski iliyopinda milimita moja itakwaruza hadi mwisho wa safari. Zile za mafuta, ukitoa gurudumu, weka kipande cha plastiki kati ya pedi. Mtu akibonyeza breki bila diski, pistoni zinazosukuma pedi zinakutana na hazirudi bila bisibisi bapa na uvumilivu.