Marlin ni ISFJ, au ni mfiwa? Mjadala kuhusu kuwapachika wahusika wa katuni herufi nne

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana najua wapenzi wa herufi nne ni wengi na wana uchungu nazo.

Mchezo wenyewe mnaujua, unatoka kwenye nadharia ya haiba ya Myers-Briggs (MBTI). Mtu anamaliza filamu ya katuni, kisha anamgawia kila mhusika alama yake: huyu INFJ, yule ESTP. I ni mtu wa kujitenga, E ni mtu wa watu. S anashika yanayoonekana, N anafuata yanayodokezwa. T anaamua kwa hoja, F kwa kuangalia utu na hisia. J anataka mambo yapangwe, P anayaacha yajiendee. Michanganyiko ni 16 na hakuna mhusika anayeruhusiwa kubaki nje. Baadaye mtazamaji anajitafuta yeye mwenyewe: "Kumbe mimi na Elsa wa Frozen tuko kundi moja!"

Hoja yangu ni moja. Nadharia hii inatazama mwenendo na kuacha chanzo chake, na chanzo inachokiacha zaidi ni hofu. Sasa hizi filamu tunazozipenda, ukizitoa hofu, hadithi inayobaki ni ipi?

Tumchukue Marlin, yule samaki baba wa Finding Nemo (2003). Wengi humpa ISFJ: mlinzi, mwangalifu, mtu wa taratibu. Ushahidi wao ni asubuhi ya siku ya kwanza ya shule. Anatoka na mwanawe nje ya makazi yao, wanarudi ndani, wanatoka tena, wanarudi tena, mpaka ahakikishe njia ni salama. Huko shuleni wazazi wenzake wanamwomba awachekeshe, kwa sababu samaki wa jamii yake wanasifika kwa uchekeshaji. Anaanza, anajikanyaga, anarudia mwanzo, utani unamfia mdomoni. Basi, wanasema, hiyo si I na J ya wazi kabisa?

Rudisheni filamu nyuma kidogo. Marlin huyohuyo yuko na mkewe Coral, anajitapa kuhusu nyumba mpya aliyoipata, tena inayotazama bahari iliyo wazi. Anatania, anacheza, hana habari na tahadhari. Ndipo anatokea barakuda. Coral na mayai yote wanatoweka isipokuwa yai moja. Tunayemwona shuleni ni mfiwa. Mwishoni mwa filamu anatoa utani uleule aliokuwa ameshindwa kuumaliza, na safari hii wazazi wenzake wanacheka. Je, herufi zake zimegeuka mara mbili? Haiwezekani, kwa sababu nadharia yenyewe inashikilia kwamba aina ya mtu ni ya kuzaliwa nayo.

Tatizo hili lina asili yake. Carl Jung alitoa kitabu chake kuhusu aina za haiba mwaka 1921. Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa na mafunzo rasmi ya saikolojia, wakayachukua mawazo yake na kuyageuza kuwa dodoso, lililochapishwa mwaka 1962. Mwaka 1989 Robert McCrae na Paul Costa wakalilinganisha na mfumo wa sifa kuu tano ambao watafiti wengi wa haiba wanautumia. Walikuta mizani minne ya dodoso inaendana kwa kiasi na sifa nne kati ya zile tano. Sifa ya tano haikuwa na mwenzake. Ni ipi hiyo? Ni ule mwelekeo wa mtu kuingiwa na wasiwasi, hofu na huzuni.

Yaani kilichoachwa ndicho kinachomwendesha Marlin, ndicho kinachomfungia Elsa chumbani, na ndicho kinachomkimbiza Simba wa The Lion King akiamini kwamba kifo cha baba yake ni kosa lake. Mtu anamwona Simba porini amelala chali bila kujali lolote, anamwandikia P. Jamani, yule anakimbia hatia!

Halafu kuna kanuni ya wenye kipimo ambayo wapachikaji hawaitaji. Majibu ya dodoso ni pendekezo tu. Wa mwisho kuthibitisha aina yake ni mtu mwenyewe. Mhusika wa katuni atathibitisha vipi?

Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja INTJ waje, wale ambao hata wakikubaliana na wewe wanakusahihisha.

MCHANGIAJI WA PILI

Mkuu mleta mada, umepanga hoja vizuri, ila umechagua mfano unaokubeba. Mimi nasomesha fasihi, na nitakurudisha kwa huyohuyo Elsa uliyempitia juu juu.

Unasema Elsa amefungiwa na hofu. Sawa. Mlango ulifungwa baada ya ajali ya kumpiga mdogo wake kichwani kwa barafu. Lakini tazama tukio lililotangulia ajali, pale mwanzoni mwa Frozen (2013). Ni usiku. Anna ndiye anayempanda dada yake kitandani na kumwamsha wakacheze. Elsa ndiye anayemwambia arudi kulala. Hapo hakuna aliyeumia, hakuna glovu mikononi, hakuna lango lililofungwa, na tayari mmoja anachemka na mwenzake ametulia. Hiyo tunaiitaje kama si hulka?

Isitoshe, wote wawili wamekulia katika kasri lileile lenye milango iliyofungwa. Siku milango inapofunguliwa, Anna anatoka mbio akimwamkia kila anayekutana naye, na kabla siku haijaisha ameshakubali kuolewa na mgeni. Elsa anahesabu dakika milango ifungwe tena. Mazingira yaliyolingana, watu wawili tofauti. Ukiondoa hulka utalieleza kwa nini?

Umesema pia kwamba kuwapima wahusika ni kwenda kinyume na kanuni. Kanuni ya nani? Jung mwenyewe, katika kitabu hichohicho cha 1921, ana sura nzima inayochambua kazi ya mshairi Carl Spitteler. Anamsoma Prometheus kama mtu aliyegeukia ndani na Epimetheus kama mtu aliyegeukia nje. Wahusika wa kubuni hao. Mchezo unaousema una umri sawa na nadharia yenyewe.

Sasa nije kwenye lililo moyoni mwangu. Binadamu hakuumbwa ili aeleweke. Mhusika ameumbwa ili aeleweke. Wanafunzi wangu wanajua tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara: bapa ana sifa moja na haibadiliki, duara anatushangaza na bado tunamwamini. Katuni zilianza na bapa, tena kwa makusudi. Katika hadithi ya Snow White ya ndugu Grimm wale mbilikimo saba hawana hata majina. Filamu ya Disney ya mwaka 1937 ikawapa majina, na karibu kila jina likawa ni tabia au hali ya mwenyewe: mnuni, mwenye furaha, mwenye haya, msinzizi, hata wa kupiga chafya. Wachoraji walihitaji hivyo, kwa sababu mtoto anatakiwa amtambue mhusika kwa mwendo wake kabla hajafungua mdomo. Mtazamaji anayerudi na kuisoma aina iliyowekwa mle makusudi amekosea wapi?

MCHANGIAJI WA TATU

Naongeza kitu ambacho nadhani kinawagusa wote wawili.

Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi ya katuni isiyo na mtu wala mnyama. Ina pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na kisanduku chenye kipande kinachofunguka kama mlango. Maumbo yanazunguka, yanagongana, yanaingia kisanduku na kutoka. Wakawaonyesha watu na kuwaomba waeleze walichokiona. Katika kundi la kwanza la watazamaji 34, mmoja tu alieleza kwa lugha ya maumbo. Wengine wakasimulia habari za viumbe hai, wengi wao za watu: pembetatu kubwa ni mgomvi mwonevu, ndogo ni shujaa, duara linaogopa.

Pembetatu, wakuu! Tumeipa ukorofi pembetatu. Kwa hiyo sishangai tukimpa Elsa herufi nne. Tukishaona kitu kinajisogeza, tunakipa nia na tabia papo hapo, na hatusubiri ushahidi. Hilo halimpi ushindi mleta mada wala mwalimu. Linaonyesha tu kwamba ule uhakika tunaousikia tukisema "huyu lazima ni INFP" haupimi chochote kuhusu mhusika.

MCHANGIAJI WA NNE

Mbona jibu jepesi lipo? Kama kinachokosekana ni hofu, iongezwe herufi ya tano. Mbona kuna dodoso maarufu la mtandaoni lililokwisha kuongeza, A kwa anayejiamini na T kwa mwenye msukosuko.

MLETA MADA

Mwalimu, shikamoo kwanza, maana umenifanya nikaitazame upya ile Frozen. Tukio la kitandani ni kweli lipo na lina uzito. Lakini hoja ya "kasri moja, watu wawili" ina tundu. Hawakukulia katika hali moja. Baada ya ajali Anna alifutiwa kumbukumbu za uchawi wa dada yake. Alifungiwa bila kujua sababu, kwa hiyo akabaki na upweke tu. Elsa alifungiwa akijua kwamba mikono yake iliwahi karibu kuua. Ukimpa mmoja siri na mwenzake ukamfutia, huwezi kusema mazingira yalilingana.

Ndugu wa herufi ya tano, umenisaidia bila kukusudia. Hiyo A na T zinapanda na kushuka kadiri mambo yanavyomkuta mtu. Ukishaweka herufi inayotembea ndani ya alama inayodaiwa kuwa ya kudumu, umebaki na aina au umebaki na hali ya siku?

Watengeneza filamu wenyewe, naona, walishaondoka huko. Kwa Inside Out (2015) walitafuta ushauri wa wanasaikolojia Paul Ekman na Dacher Keltner, ambao kazi zao ni za hisia. Ndani ya kichwa cha Riley, msichana wa filamu hiyo, haiba yake ni visiwa vilivyojengwa na kumbukumbu: familia, urafiki, uaminifu, mchezo wake wa magongo, na utani wake. Anahama mji, na visiwa vinaanguka kimoja baada ya kingine mbele ya macho yetu. Filamu ya pili, ya mwaka 2024, ikamkabidhi usukani Wasiwasi. Ile sifa iliyoachwa nje ya dodoso ndiyo iliyopewa nafasi kubwa kuliko zote.

Kuhusu mbilikimo nakubali kabisa. Bapa apewe lebo, hatamkosea mtu. Ila naomba kujua, wa kupiga chafya ana herufi zipi?

MCHANGIAJI WA KWANZA

ACHOO.

MCHANGIAJI WA TANO

Samahani kwa kuingia kati. Mnajadili wahusika, mimi nawawaza wanaotazama. Binti yangu alitangaza kwamba hawezi kusimama mbele ya darasa kwa sababu yeye ni "I" kama mhusika wake fulani. Hakusema anaogopa. Angesema anaogopa ningejua la kufanya. Herufi ilimpa pa kujificha, na mimi ilininyima pa kumshikia.

Hata taasisi inayosimamia kipimo hicho inasema kisitumike kuchuja waombaji kazi. Kama hakifai kumfungia mlango mtu mzima, mtoto aachwe ajifungie nacho?

Tena kuna filamu iliyolizungumza hili waziwazi. Katika Zootopia (2016) Nick, yule mbweha, alipokuwa mdogo alikwenda kujiunga na kikundi cha watoto wa skauti. Wenzake wakamfunga kinywa kwa kizuio kwa sababu ni mbweha. Akajiambia kwamba kama dunia imeshaamua mbweha ni mlaghai, hakuna haja ya kujaribu kuwa kitu kingine. Leo nasoma watu wanambandika ENTP, "mjanja wa kuzaliwa". Filamu nzima inapinga kuwahukumu viumbe kwa aina yao, nasi tunatoka hapo tukiwapanga kwa aina!

MCHANGIAJI WA PILI

Mama, pole kwa hilo la binti. Hapo kwenye mtoto kujifichia herufi niko upande wako, na darasani siruhusu mtu aniletee alama badala ya sababu. Mwanafunzi akiandika "alifanya hivi kwa kuwa ni ISTP" namrudishia daftari.

Lakini kwa Nick siachii, kwa sababu mmenipa mfano ninaoutaka. Kizuio cha kinywa kinaeleza kwa nini aliacha kutafuta kuaminiwa. Hakielezi biashara yake ya aiskrimu. Kumbukeni: anamfanya sungura polisi amnunulie aiskrimu kubwa ya kijiti kwenye duka la tembo, anaiyeyusha juani, anaigandisha upya kwenye theluji kuwa vijiti vidogo vingi, anawauzia panya wa benki wakitoka kazini, halafu anaokota vijiti vilivyotupwa na kuwauzia panya wajenzi kama mbao. Mbweha mwingine aliyefungwa kinywa vilevile angejifungia ndani asionane na mtu. Mwingine angekuwa mpiganaji. Huyu alikwenda kusimama katikati ya watu akiwa na maneno mdomoni na mpango kichwani.

Jeraha lilimsukuma, nakubali. Namna alivyosukumika ilikuwa yake. Mimi hiyo namna ndiyo ninayotaka kuwa na jina lake, na mleta mada bado hajanipa jina lililo bora kuliko hulka.

MLETA MADA

Hulka nakuachia, mwalimu. Ninazozikataa ni herufi nne.